SHIDA SI CHEO

(Hotuba iliyotolewa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, katika bwalo la shule. Mtoa hotuba ni mtumishi wa serikali, na alisoma hapa tangu Kidato cha Kwanza hadi cha Sita.)



 

Kwanza kabisa napenda kuishukuru Kamati kwa kunipa heshima ya kusimama mbele yenu. Niliambiwa nichague mwenyewe jambo la kuzungumza, mradi liwafae wakubwa na wadogo, na mradi nisipitishe nusu saa, maana wapishi wamekwisha epua. Nami nimechagua jambo ambalo sote tunalijua lakini ni nadra kulisema hadharani. Nalo ni ile tabia ya watu kushindana kwa taabu. Yaani kila mmoja kutaka asikilizwe, apewe nafasi na asamehewe makosa kwa kuwa yeye, ati, ndiye aliyepata shida kuliko wengine wote.

Nitaanza hapa hapa nyumbani. Chama chetu, kama vyama vyote vya namna hii, kina desturi yake. Wakikutana watu wa miaka mbalimbali, hazipiti dakika kumi kabla hawajaanza kuhesabiana shida. Wazee waliosoma mwanzoni mwa miaka ya themanini watakueleza habari za unga wa njano walioubatiza jina la "yanga", habari za mche wa sabuni kukatwa vipande kama nyama ya sikukuu, na habari za nchi iliyokuwa imetoka vitani mwaka 1979 ikiwa haina akiba. Hao walipomaliza Kidato cha Sita walikwenda Jeshi la Kujenga Taifa kwa mujibu wa sheria, wakarudi na malengelenge mikononi na nyimbo midomoni. Kisha tunasimama sisi tuliosoma katika miaka ya tisini. Sisi JKT hatukuiona, kwa sababu mpango ule ulisimamishwa mwaka 1994 na haukurudishwa mpaka 2013. Kwa hiyo inatubidi tutafute taabu nyingine ya kujivunia: karo ya kuchangia gharama, kulala wawili wawili kitandani, na mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998 zilizokata barabara hata lori la chakula likakwama siku nyingi huko njiani. Hatimaye wanainuka vijana hawa, ambao wamefutiwa ada, wa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne tangu mwaka 2016 na wa Tano na Sita tangu 2022, nao wanasema, "Wazee, ninyi darasani mlikuwa mkikaa kwa nafasi. Njooni mtuone sisi tulivyobanana."

Katika hayo hakuna ubaya. Mtu mzima akikuambia kwamba alikula maharage yenye wadudu, anachokuambia hasa ni kwamba anaipenda shule yake. Utani wa namna hiyo ni chumvi ya mkutano. Lakini chumvi ni ya kutiwa katika chakula; yenyewe haiwi chakula. Utani huu unapogeuka kuwa hoja, ndipo mambo yanapoharibika. Na hoja yenyewe huwa hivi: kwa kuwa mimi nilipata shida kuliko wewe, basi nina haki kuliko wewe, neno langu lina uzito kuliko lako, na nikikosa nisiulizwe.

Vijana mnaijua hoja hiyo. Ndiyo anayoitumia mwanafunzi wa Kidato cha Nne anapomtwisha njuka ndoo zake mbili na kumfulisha nguo zake, na akiulizwa na mwalimu hujibu, "Hata mimi nilifanyiwa hivyo." Mateso ya juzi yamekuwa leseni ya mateso ya leo. Aliyeumia jana anadai malipo, na anayelipa ni mtoto wa watu ambaye hakumkopa kitu.

Ndugu Mwenyekiti, tabia hii haizuki bure. Ina sababu zake, na ni haki tuzitazame kabla hatujalaumu. Mwanadamu anapoumwa anahitaji kuonwa. Mtoto mchanga hana njia nyingine ya kusema kwamba ana njaa ila kulia, na mama humtazama kwanza yule anayelia. Hilo ni jambo la maumbile, wala si dhambi. Matatizo huanza pale msaada unapokuwa mchache, wahitaji wanapokuwa wengi, na mgawaji anapokuwa mbali, hajui nyumba ya mtu wala sufuria yake. Hapo mgawaji hatazami tena shida yenyewe, bali husikiliza masimulizi ya shida. Na kama tuzo inakwenda kwa masimulizi, watu watajifunza kusimulia.

Kazi yangu imenionyesha jambo hili zaidi ya mara moja. Niliwahi kukaa katika meza inayopokea barua za watumishi wanaoomba uhamisho. Lilikuwa jalada nene. Wachache waliandika ukweli mtupu, kwamba wamechoshwa na mahali walipo na wanataka mjini. Waliobaki, mama zao wote walikuwa wagonjwa. Sina shaka kwamba baadhi ya akina mama hao walikuwa wakilima na kwenda minadani kama kawaida, huku watoto wao wakiwalaza vitandani kwa kalamu. Sasa fikirini hali ya ofisa anayesoma barua hizo. Ya kwanza inamsikitisha. Ya tano anaisoma haraka. Ya kumi na tano anaitupia jicho tu na kuandika pembeni, "Asubiri." Na katika jalada lile lile ilikuwamo barua ya mtumishi mmoja ambaye mama yake alikuwa mgonjwa kweli kweli, hajiwezi kwa choo wala kwa maji. Naye aliandikiwa asubiri.

Hapo ndipo niliposhika maana ya jambo hili. Shida inayotiwa chumvi ni kama noti zinazochapwa bila mali nyuma yake. Anayezichapa hupata faida siku ya kwanza. Baada ya hapo thamani hushuka, na anayeumia ni yule aliyekuwa na noti ya haki mfukoni. Huruma nayo ina hazina yake, na hazina hiyo ina mwisho. Kila anayechota bila haki anamnyima mtu, ingawa hamwoni usoni.

Mahali pa pili nilipoliona jambo hili ni katika mikutano ya vijiji. Wengi wenu mnajua kwamba katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini, ule unaosimamiwa na TASAF, wanakijiji wenyewe hukutana kuzitaja kaya zenye hali duni, ndipo wataalamu wafuate na madodoso yao. Nimehudhuria mikutano ya namna hiyo. Katika mmoja wao alisimama bwana mmoja mwenye sauti nzuri, akaeleza umaskini wake kwa mpangilio, mwanzo, kati na mwisho, hata wageni tukawa tunatikisa vichwa. Alipokaa, watu wa nyuma walikuwa wakicheka chini chini, maana bwana yule alikuwa na ng'ombe kwa shemeji yake kijiji cha pili. Na huko nyuma kabisa, chini ya mwembe, alikaa bibi mmoja mwenye wajukuu wanne, amejitanda kanga yake, hakusema neno. Aliona haya. Kwa malezi ya bibi yule, kusimama mbele ya wanaume na kutangaza kwamba jana hawakula ni fedheha kubwa kuliko kulala na njaa. Kama mkutano ungeishia kwa waliosimama wenyewe, jina lake lisingeandikwa. Lakini aliinuka jirani yake, mama wa makamo, akasema maneno machache tu: "Mmemsahau bibi. Moto kwake hauwashwi kila siku, mimi naona moshi." Basi, jina likaandikwa.

Naomba mliweke akilini neno hilo la moshi, maana nitalitumia baadaye.

Sasa, nisije nikadhaniwa kwamba ninawasema wanakijiji na watumishi wadogo tu. Sisi wasomi ni mabingwa wa mashindano haya. Na historia ya nchi yetu ina mfano ambao kila mwanafunzi aliye katika bwalo hili inafaa aujue.

Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi karibu 400, wengi wao wa chuo kikuu pale Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wanaomaliza masomo ya juu wote waingie Jeshi la Kujenga Taifa, wakae kambini miezi kadhaa, kisha kwa kipindi kilichobaki wafanye kazi zao kwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi waliona wameonewa. Walidai kwamba wanabebeshwa mzigo peke yao ilhali wakubwa serikalini wanaishi kwa raha. Na katika mabango yao lilikuwamo moja lililosema kwamba afadhali enzi ya ukoloni.

Mwalimu Nyerere aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akajibu, na kwa hasira. Lakini angalieni alivyofanya. Ile hoja ya mishahara ya wakubwa aliikubali, na hapo hapo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Baada ya hapo akawarudisha wanafunzi nyumbani kwao, jumla 393, ingawa wengi wao walipokewa tena chuoni baadaye. Miezi minne haikutimia kabla ya Azimio la Arusha kutangazwa, Februari 1967, likiwa na masharti ya viongozi.

Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama kisa cha vijana wenye kudeka na baba mwenye kiboko. Mimi nakisoma kwa namna nyingine kidogo. Vijana wale walikuwa na neno la kweli. Ushahidi ni kwamba Rais mwenyewe alilipokea neno hilo na kuanza kulitekeleza kwake. Kilichowaponza ni kutaka kuonekana kwamba wao ndio wanaoteseka katika nchi ile. Waliyasema hayo mwaka wa tano baada ya Uhuru, katika nchi ambayo watu wengi hawakujua kusoma na kuandika, na ambayo masomo yao wenyewe yalilipiwa na wakulima wa pamba, katani na kahawa wasioijua asilimia 40 wala 100 ya mshahara wowote. Walipoinua lile bango la ukoloni, neno lao la kweli likazama. Hadi leo ukiwauliza watu habari za maandamano yale, watakutajia bango. Hoja ya mishahara hawaikumbuki.

Basi fundisho la kwanza ni hili: ukiyakuza maumivu yako kupita kiasi, unaizika haki yako mwenyewe.

Lakini kuna hatua mbaya kuliko kukuza, nayo ni kuchukua maumivu ya mtu mwingine na kuyavaa. Kwa hili nitawapeleka mbali kidogo, hadi Hispania, kwa sababu sijui mfano ulio wazi kuliko huo.

Katika vita vya pili vya dunia maelfu ya Wahispania walipelekwa katika kambi za mateso za Wanazi, hasa ile ya Mauthausen huko Austria, na wengi walikufa humo. Waliosalimika walikuwa na chama chao katika mji wa Barcelona. Mwaka 2003 chama hicho kilipata mwenyekiti aitwaye Enric Marco. Mzee huyu alikuwa msemaji hodari. Alieleza jinsi alivyofungwa katika kambi ya Flossenbürg, alivyoteswa, alivyokaribia kufa. Alikwenda mashuleni kuzungumza na watoto. Serikali ya jimbo la Katalunya ilimpa nishani mwaka 2001. Januari 2005 alizungumza katika Bunge la Hispania, na watu wakatokwa na machozi.

Mwezi Mei mwaka huo huo, siku chache kabla ya sherehe za miaka 60 tangu kambi ya Mauthausen ikombolewe, ilidhihirika kwamba mzee Marco hakufungwa kambini kamwe. Mwanahistoria mmoja, Benito Bermejo, alifukua nyaraka akakuta kwamba Marco alikwenda Ujerumani mwaka 1941 kwa hiari yake, kama mfanyakazi wa mkataba. Alipata kuwekwa mahabusu huko, ni kweli, lakini hakuwa mfungwa wa kambi ya mateso. Ikabidi aondolewe na nishani airudishe.

Na ninyi mtauliza: alijitetea vipi? Alisema kwamba alidanganya kwa nia njema, kwa kuwa kwa njia hiyo watu walimsikiliza, na habari za wahanga zikafika kwa vijana. Ndugu zangu, utetezi huo unatisha kuliko uongo wenyewe, kwa sababu una chembe ya kweli. Ni kweli watu walimsikiliza. Wale wazee waliokuwamo kambini hasa, wengi wao walizungumza kwa taabu, walisita, walisahau tarehe, wengine hawakutaka kabisa kukumbuka. Mateso ya kweli mara nyingi hayana ufasaha. Yule asiyekuwamo ndiye aliyekuwa na hadithi iliyopangika. Na uongo wake ulipofichuka, waliopata hasara ni wale wale aliodai kuwasemea, kwa kuwa sasa mtu yeyote mwenye nia mbaya aliweza kusema, "Huyo mwenyekiti wao alikuwa mwongo; je, hao wengine?"

Baada ya kusema haya yote, najua kuna kijana huku ndani anayejiambia moyoni: basi mzee huyu anataka tunyamaze. La, hasha! Na hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana nikieleweka vibaya nitakuwa nimefanya madhara badala ya faida.

Kunyamaza si dawa. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Tena wakasema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Maana ya semi hizo ni kwamba mtu wa nje hawezi kuyapima maumivu ya mwenzake. Na kama hayapimiki, basi hayawezi kushindanishwa wala kutolewa kombe. Lakini kutopimika si kutosemwa. Mwenye kunguni lazima aseme kwamba ana kunguni, la sivyo nani atamletea dawa?

Mfano mwema uko kwa majirani zetu Wakenya. Wakati wa vita vya Mau Mau, katika miaka ya hamsini, watu wengi waliteswa vizuizini na watumishi wa serikali ya kikoloni. Kwa miaka hamsini hivi walikaa kimya au hawakusikilizwa. Halafu wazee wachache wakaishtaki Serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu mjini London. Oktoba 2012 jaji aliamua kwamba kesi za watatu kati yao, Paulo Nzili, Wambugu Nyingi na Jane Muthoni Mara, ziendelee kusikilizwa ingawa muda mrefu ulikuwa umepita. Wazee hao hawakwenda mahakamani kusema kwamba wao ndio walioteseka kuliko binadamu wote. Walisema walichofanyiwa. Na nyuma ya maneno yao palikuwa na maelfu ya majalada ya kikoloni ambayo Serikali ya Uingereza ilikiri mwaka 2011 kwamba iliyaweka mafichoni, mahali paitwapo Hanslope Park. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza alitamka masikitiko ya serikali yake Bungeni, akatangaza malipo ya paundi milioni 19.9 kwa watu 5,228. Kwa mtu mmoja mmoja fedha hizo si nyingi. Lakini jambo lilisemwa, likathibitishwa, na aliyetenda akalikiri.

Basi tofauti iko wapi kati ya wazee hawa na mzee Marco? Si ufasaha, maana Marco aliwazidi. Tofauti ni kwamba wazee hawa walisema jambo lao lenyewe, kwa kiasi chake, kwa mtu aliyewajibika nalo, na waliposhinda, wenzao maelfu waliingia kwa mlango ule ule. Anayeshindana kwa taabu hupita mlangoni peke yake na kuufunga nyuma yake. Anayesema taabu yake kwa haki huuacha mlango wazi.

Ndugu Mwenyekiti, sasa narudi katika jambo letu wenyewe, ambalo ndilo hasa lililonifanya nichague mada hii. Chama chetu kina mfuko wa kuwasaidia wanafunzi wenye shida. Ni mfuko mdogo lakini ni wa heshima, na kila mmoja wetu anauchangia. Kila mwaka tunawataka wanafunzi waandike barua za kueleza hali zao, na barua zile zinazogusa zaidi husomwa mbele ya mkutano ili wanachama wafungue mikono. Nia ni njema kabisa. Lakini mwaka jana nilipewa nafasi ya kuzisoma barua zote baada ya msaada kwisha kugawiwa, hata zile ambazo hazikupata kitu, na naomba niwaeleze nilichokiona bila kumtaja mtu.

Barua iliyopewa nafasi ya kwanza ilikuwa na kurasa nne. Imeandikwa vizuri sana, na kama ingekuwa insha ningempa mwandishi alama 90. Ina machozi, ina usiku wa giza, ina mama anayeaga dunia huku mvua ikinyesha. Sitasema kwamba ni ya uongo. Sijui, wala simshuku kijana. Lakini chini ya rundo kulikuwa na karatasi iliyochanwa katika daftari, yenye mistari miwili. Ilisema hivi: "Sina godoro. Nikipata godoro nitashukuru." Basi. Hakuna mama, hakuna mvua. Barua ile haikusomwa mbele ya mtu yeyote, kwa sababu haikuwa na cha kusoma. Mlezi wa bweni ndiye aliyeniambia baadaye kwamba kijana yule alilala juu ya vibanzi vya kitanda na shuka moja kwa muhula mzima, na kwamba walimu ndio waliochangishana wakamnunulia godoro.

Sisi tumemfundisha nini kijana huyu? Tumemfundisha kwamba mwakani aandike kurasa nne. Na yule wa kurasa nne tumemfundisha kwamba mauti ya mama yake yana bei, na kwamba akiyasimulia vizuri zaidi bei itapanda. Tena tumemsimamisha mtoto wa miaka 15 mbele ya wenzake, na jina lake la bwenini tangu siku hiyo likawa ni shida yake. Sidhani kwamba yupo mwanachama hapa aliyekusudia hayo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na naomba Kamati iyajadili leo hii kabla hatujatawanyika.

La kwanza, mashindano ya barua yakome. Mwanafunzi mwenye haja ajaze karatasi moja fupi: anahitaji nini, na tangu lini hana. Sababu aulizwe kwa faragha, na mtu mmoja anayemwamini.

La pili, turudi kwa yule mama wa kijijini aliyeuona moshi. Walezi wa mabweni, viranja, na wanafunzi wenyewe waulizwe kwa siri: ni nani kati ya wenzenu ana shida na hasemi? Mwanafunzi anajua ni nani anayeoga bila sabuni, na ni nani anayebaki shuleni wakati wa likizo fupi kwa kuwa hana nauli. Jirani ndiye anayeona moshi. Sisi tunaokuja mara moja kwa mwaka na magari yetu hatuuoni.

La tatu, majina ya wanaosaidiwa yasisomwe hadharani kabisa. Wanachama tusomewe hesabu: magodoro mangapi, nauli za watu wangapi, miwani mingapi. Kama huruma yetu haiwezi kufunguka bila kuona chozi la mtoto, basi kasoro iko katika huruma yetu.

Nanyi vijana, nina maneno machache kwenu kabla sijakaa. Ukiwa na njaa, ukiwa mgonjwa, ukionewa, ukiguswa na mtu mzima kwa namna isiyofaa, sema. Sema mapema, sema wazi, na usingoje mpaka shida yako iwe kubwa kuliko ya mwenzako ndipo ujione una haki ya kusema. Hakuna kipimo cha chini. Mwenzako akikuambia shida yake, usimjibu kwa kumtolea ya kwako iliyo kubwa zaidi. Hiyo ni njia ya kumnyamazisha. Msikilize mpaka amalize. Ya kwako itapata siku yake. Na siku utakapokuwa mkubwa, ukawa na wadogo chini yako, usiwaambie, "Sisi tuliteseka kuliko ninyi." Waambie, "Sisi tuliteseka, kwa hiyo tumewaletea hiki." Shida haikupandishi cheo. Kama imekufundisha kitu, kitaonekana kwa namna unavyomtendea anayefuata nyuma yako.

Ndugu Mwenyekiti, nusu saa yangu imekwisha na harufu ya pilau imeanza kutoa hotuba yake. Naikabidhi hoja yangu kwa Kamati.